Kama Mtu Anayekwenda Kwake

Aliliweka gazeti juu ya meza yangu, likafunika bakuli la sukari na nusu ya sahani ya mkate wa mahindi, akalilaza kwa viganja vyote viwili kama mtu anayenyoosha shuka la mgonjwa.

"Nisomee, Bi Odessa," alisema. "Miwani nimeiacha garini."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Ncha yake niliiona. Nilivua glavu zangu nyeupe, kidole kimoja kimoja, wino usije ukazichafua, kwa sababu nilikuwa nimetoka kanisani muda si mrefu na mimi ni mhudumu wa mlangoni. Halafu nikavaa miwani yangu.

Ilikuwa Jumapili ya Mei, mwaka tisini na tano. Amory Teague alikuwa meneja mkuu wa Wapuliza Kioo, timu yetu ya mpira wa kikapu hapa Toledo, na alikuwa ameshika kazi hiyo miaka kumi na miwili. Kesho yake, Jumatatu saa nne asubuhi, mwenye timu angemwita aamue kama atabaki au atafungasha. Na gazeti lilikuwa limetoa ukurasa mzima. Kila kijana ambaye Teague aliwahi kumchagua kutoka vyuoni alikuwemo, mwaka kwa mwaka, na mbele ya kila jina kulikuwa na alama, A hadi F, kama zile za shuleni. Shule mimi niliiacha darasa la sita, huko Arkansas, pamba ilipokuwa tayari na mikono haitoshi. Lakini alama nazijua.

"Themanini na tatu," nikaanza, kidole juu ya karatasi. "Dorsey Pettibone. B."

"Pettibone alistahili A."

"Wameandika B."

"Haya, endelea."

"Themanini na nne. Yule mrefu wa Montana. D."

"D! Futi saba na inchi mbili!"

"Alikuwa anaogopa mpira, Bwana Teague. Hata mimi nilipompitishia bakuli la viazi alijikinga uso."

Alicheka. Ndicho kicheko cha mwisho cha kweli nilichokisikia kwake, na nashukuru kwamba nilikitoa mimi, ingawa sijui kama shukrani ya namna hiyo inahesabiwa.

Nikasoma themanini na tano. Kidole kikafika themanini na sita, kikasimama.

"Soma," alisema.

"Wa tatu kuchaguliwa nchi nzima. Lavelle Stribling. F."

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja mwembamba: wa nne kuchaguliwa mwaka huo alikuwa Corwin Bascombe. Hawakuandika zaidi, maana hakukuwa na haja. Bascombe alikwenda timu nyingine akawaletea ubingwa mara tatu, na hapa kwetu watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile walijua kwamba angeweza kuwa wetu. Kila Juni timu husimama mstari na kuchagua vijana wapya mmoja mmoja, iliyofanya vibaya kuliko zote ikitangulia. Sisi tulitangulia mara nyingi kuliko tulivyotaka. Mwaka ule tulikuwa wa tatu, vijana wawili wakiwa wamebaki mbele yetu, na Teague akanyoosha kidole kwa yule asiye sahihi. Hivyo ndivyo jiji lilivyosema kwa miaka tisa.

Asubuhi hiyo hiyo, kwenye baraza ya kanisa, Dada Vernell alikuwa akipepea na karatasi ya ibada mbele ya wanawake wengine.

"Teague anachagua wachezaji kama mume wangu anavyochagua tikiti maji," alisema. "Anagonga, anategea sikio, anagonga tena, anafika nyumbani na boga!"

Walicheka mpaka kofia zikayumba. Kisha akanigeukia mimi. "Na kwako anakula, Odessa. Hebu tuambie, umemlisha nini mzungu wa watu hata asione goti bovu la Stribling?"

Nami nikacheka. Nilisimama pale na glavu zangu nyeupe, nikacheka pamoja nao.

*

Mume wangu Ennis alifanya kazi kwenye tanuri la kioo miaka ishirini na sita, na moyo wake ukasimama siku ya Jumanne akifunga kamba za viatu. Aliniachia nyumba hii ya ghorofa moja, ngazi ya vipandio kumi na vitatu, na mbao ya kushikia aliyoichonga mwenyewe, laini kama mkono wa mtu. Choo kiko juu. Cha chini hakuna.

Nilikuwa mpishi kwenye ukumbi wa mazoezi wa timu. Mwaka ule wa kwanza wa Teague, Jumapili moja, aliniomba nimpikie kijana aliyekuja kupimwa, kwa kuwa hoteli zilimchosha na kijana alikuwa amekumbuka kwao. Katikati ya chakula kijana akauliza choo kiko wapi. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni na bakuli la mchuzi, nikamwona akipanda. Baadaye, bila kufikiri, nikamwambia Teague, "Huyo nyonga yake mbovu." Madaktari walirudia picha zao wakakuta ufa.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu ya kila Juni. Hakuna aliyeijua isipokuwa sisi wawili. Teague alikaa upande wa dirisha, mgongo kwa ngazi. Vijana wale walijua yeye ni nani, na mbele ya macho yake hata mwenye mguu wa mti angecheza dansi. Sikio lake la kushoto alikuwa ameliacha vitani Korea, kwa hiyo hata kusikia nyayo hakuweza. Lakini nani atajibaraguza mbele ya mama mzee aliyebeba pai? Mimi niliwajazia chai baridi. Glasi ikipungua, najaza. Ikipungua tena, najaza. Hakuna tumbo la miaka ishirini na moja lililonishinda. Mwisho walipanda wote.

"Daktari ana karatasi," Teague alikuwa akisema. "Sisi tuna ngazi."

Kijana akishatoka kwenda garini, Teague alikuja jikoni na kusema neno moja: "Ngazi?" Kama nimeona kitu nilikitaja. Kama sikuona kitu nilisema, "Amepanda na kushuka kama mtu anayekwenda kwake." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu, na aliyaamini kuliko picha za hospitali. Nilijivunia jambo hilo. Niliomba toba kwa ajili ya majivuno hayo, nikaendelea kujivunia.

Mwaka wa themanini na sita Bascombe alikuja Jumamosi. Hakuvua kofia. Nilipoomba baraka ya chakula alitazama feni ya darini, na sukuma wiki yangu aliizungusha kwa uma kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Ngazi aliipanda viwili viwili. Kushuka, vipandio vitatu vya mwisho aliviruka kwa mpigo mmoja, nyumba ikatikisika, na picha ya Ennis iliyokuwa ukutani ikaanguka, kioo kikapasuka kutoka bega hadi bega.

"Ooh. Pole, mama," alisema, akatoka nje huku akipiga mluzi.

Jikoni Teague akauliza, "Ngazi?"

"Kama mtu anayekwenda kwake," nikajibu. "Ila ana kiburi."

"Kiburi hakina mishipa ya goti, Bi Odessa."

Lavelle Stribling alikuja kesho yake, Jumapili. Alitoka kijiji kimoja cha Mississippi ambako mama yake alikuwa akiosha wazee katika nyumba ya wasiojiweza. Alivua kofia akiwa bado nje ya mlango. Nilimwomba yeye atuombee, akaomba maneno machache, bila mbwembwe, akala. Alikula mpaka mfupa. "Mama," aliniambia, "hii ni ya kwetu kabisa. Nani amekufundisha?"

"Njaa," nikamjibu, na tukacheka wote watatu.

Nikamjazia chai. Glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuuliza choo. Niliona magoti yake yakibanana chini ya meza, nikaona jasho dogo juu ya mdomo, nikashangaa. Kwenye glasi ya tano aliuliza taratibu, "Cha chini hakuna, Mama?"

"Hakuna, mwanangu."

Aliitazama ngazi kama mtu anavyotazama mto uliojaa. Halafu akainuka.

Alipanda kwa kushika mbao ya Ennis. Mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto ukaufuata kwenye kipandio kile kile. Kulia, kushoto, ikae pamoja. Kipandio cha tisa hulia mtu akikikanyaga. Mtu mzima wa afya hukiliza mara moja. Yeye alikiliza mara mbili. Kushuka alishuka kinyumenyume, kama mtoto wa mwaka mmoja, mikono miwili juu ya mbao. Alipofika chini na kugeuka, alinikuta nimesimama mlangoni pa jikoni na pai ya viazi vitamu mkononi. Teague, mgongo kwetu, alikuwa akijikatia mkate.

Lavelle alikusanya sahani akanifuata jikoni. Hakuna kijana mwingine aliyewahi kukusanya sahani.

"Umeniona, Mama."

"Nimekuona."

"Ni uvimbe tu. Utaisha."

"Tangu lini?"

"Machi."

"Na daktari wa timu?"

"Alinikunja goti, nikamchekea." Alitazama mlango. Sauti yake ikashuka. "Mama yangu anaamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu. Mgongo wake haunyooki tena. Nikichaguliwa mapema, atalala. Hilo tu, Mama. Nataka nimwone amelala mpaka jua litoke. Nakuomba. Usiseme."

Sikumwahidi. Hilo naliweka wazi, ingawa halinisaidii kitu. Nilimpa kitambaa cha kukaushia vyombo, akakausha sahani tatu, akatoka kwenda garini, na kwenye kizingiti cha nje nikaona alivyotanguliza mguu wa kulia.

Teague akaja. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na picha ya Ennis, nimeilaza niitafutie kioo kingine, na ufa ulipita katikati ya kifua chake.

"Ngazi?"

Ilikuwa Jumapili. Glavu zangu zilikuwa kwenye kiti, pale pale nilipoziweka nilipotoka kanisani. Niliijua amri ya tisa, usishuhudie uongo, tangu kabla sijajua kusoma.

"Amepanda na kushuka kama mtu anayekwenda kwake," nikasema.

Katika neno lile huruma ilikuwa kiasi gani, na picha ya Ennis ilikuwa kiasi gani? Nimejaribu kupima mara nyingi. Mizani haijawahi kutulia.

*

Lavelle alicheza michezo thelathini na mmoja. Usiku wa huo wa mwisho, mwezi wa Januari, nilikuwa nyumbani namenya viazi na redio imewashwa. Mtangazaji alikuwa katikati ya sentensi, akanyamaza. Nilisikia ukumbi mzima, watu elfu kumi na nne, wakinyamaza pamoja naye, na ndani ya kimya kile sauti moja ikipiga kelele. Nilijua ni sauti ya nani. Niliweka kisu chini.

Alipasuliwa mara tatu. Mwaka wa pili timu ikamwacha. Baadaye daktari mmoja mkubwa aliandika gazetini kwamba lilikuwa jeraha dogo, na kama kijana angepumzishwa tangu majira yale ya kuchipua, angepona kabisa na kucheza miaka kumi na mitano. Sentensi hiyo niliisoma kwa kidole, mara mbili, nikidhani nimeruka neno.

Alirudi kwao akiwa na miaka ishirini na mitatu na fimbo mkononi. Mama yake aliendelea kuamka saa kumi.

Na kila Krismasi linakuja boksi kutoka Mississippi, karanga za pekani, zimemenywa tayari, na kikaratasi: *Kwa Mama wa Toledo. Asante kwa siku ile. Lavelle.* Ningeweza kuvumilia matusi. Karanga zile sijawahi kutia hata moja mdomoni. Naziweka kabatini mpaka zinapata wadudu, kisha nazitupa, na kila ninapozitupa najua ameketi mahali akizimenya moja moja, na goti lake kwenye kiti cha pili.

Nilikwenda kwa mchungaji. Nilikaa mbele ya meza yake nikaanza kueleza, sijafika hata kwenye chai, akanishika mkono. "Dada Odessa," alisema, "chochote kile, Bwana ameshakusamehe. Wewe? Nguzo ya mlango wetu?" Akasimama kunisindikiza. Sikuwa nimemaliza kusema. Mpaka leo sijamaliza.

*

"F," Teague alirudia, siku ile ya gazeti. Alichukua kipande cha mkate wa mahindi akakivunja, hakukila. "Nilimtazama mazoezini siku tatu, Bi Odessa. Nilizungumza na makocha wake wote. Niliona nini kwa kijana yule? Miaka tisa nalala nikijiuliza niliona nini. Kesho yule bwana ataniuliza, na mimi sina jibu. Nikimwambia niliona goti zima, nitakuwa kipofu. Nikimwambia sikuliangalia, nitakuwa mzembe. Mtu achague lipi?"

Nilikuwa nimeshaamua. Asubuhi ile, mlangoni mwa kanisa, nikigawa karatasi za ibada, nilijiambia leo. Leo akija kula nitamwambia, kabla hajakwenda kusimama mbele ya mwenye timu. Angalau asimame akijua. Nikafungua mdomo.

Yeye akainuka. "Ngoja kwanza. Miaka yote unawajazia wenzangu chai, leo umenijaza mimi."

Alikuwa na miaka sitini na minane. Sikuwahi kumwona akipanda ngazi yangu, maana siku zote alikuwa akiipa mgongo. Sasa nilikaa kwenye kiti changu cha kila siku nikamtazama. Alishika mbao ya Ennis. Mguu wa kulia, wa kushoto ukafuata, ikakaa pamoja. Kipandio cha tisa kikalia mara mbili.

Alikaa huko juu muda mrefu. Maji yakapita kwenye bomba. Nilipanga maneno yangu: Bwana Teague, nilikudanganya. Hayo tu, matatu. Nikayarudia kama mtoto aliyetumwa dukani.

Akashuka. Alishuka kinyumenyume, mikono miwili juu ya mbao, akihema, kichwa chake cheupe kimeinama, na nikaona shati lake limelowa jasho mgongoni. Alipofika chini aligeuka akanikuta namtazama. Aliona haya. Akataka kuifunika haya kwa mzaha, kama wafanyavyo wanaume.

"Haya, shahidi," alisema. "Ngazi?"

Na mimi, mwenye maneno matatu tayari kwenye ulimi, nikamwonea huruma.

"Umepanda na kushuka kama mtu anayekwenda kwake."

Alianza kucheka. Kicheko kikafika nusu, kikakatika. Alibaki ameshika mbao, ananitazama, na nikaona jambo likipanda usoni mwake taratibu.

"Bi Odessa. Mimi nimeshuka kinyumenyume."

"Ndiyo."

"Umeniona."

"Nimekuona."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akidundisha mpira barabarani, tu, tu, tu. Tuliusikiliza wote wawili.

"Na Stribling?"

"Hivyo hivyo. Miguu miwili kila kipandio. Kushuka, kinyumenyume."

Aliketi kwenye kipandio cha chini kabisa, pole pole, kama vile alikuwa akipima kama kipo. Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha.

"Kwa nini?"

"Aliniomba."

"Aliniomba," alisema, kama anaonja neno la lugha nyingine. "Wote wanaomba, Bi Odessa. Unadhani mimi hawakuniomba? Ndiyo maana nilikuja kwako."

Nilimwambia habari za mama wa saa kumi alfajiri. Nilimwambia pia habari za picha ya Ennis, maana niliona kama ninasema basi niseme yote. Alisikiliza na lile sikio lake zima. Nilipomaliza nilikwenda kwenye droo nikatoa kalamu ya risasi, nikaiweka juu ya gazeti.

"Ifute hiyo F," nikasema. "Ni yangu. Kesho nitakwenda na wewe kwa mwenye timu. Nitakwenda na gazetini."

"Ukaseme nini?"

"Kwamba mimi ndiye niliyesema goti ni zima."

"Kwamba meneja mkuu wa Wapuliza Kioo alichagua mtu wa tatu nchi nzima kwa neno la mpishi wake." Sasa alitabasamu kidogo, na tabasamu lile ndilo ninaloliona nikifumba macho. "Baada ya F inakuja herufi gani, Bi Odessa? Wewe umesoma darasa la sita, niambie. Wataniwekea ipi?"

Alijiinua kwa mbao. Alikunja gazeti lake mara mbili, mara nne, akalitia mfukoni pamoja na miwani ambayo alikuwa ameiacha garini. Mlangoni alisimama.

"Mimi ndiye niliyeketi nikiipa ngazi mgongo," alisema. "Miaka kumi na miwili. Sikugeuka hata mara moja. Hilo halina mtu wa kugawana naye."

Nilimfuata mpaka barazani. "Bwana Teague, nisamehe."

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu wa haki, akiwa ameshika kofia.

"Sijui nianzie wapi," alisema.

Akashuka vipandio vyangu viwili vya nje. Nilitaka kugeuza uso nisimwone anavyoshuka, nikashindwa. Macho haya hayajui kufanya kazi nyingine.

Jumatatu, kabla ya saa tano, redio ilitangaza kwamba ameondolewa. Walisema alikaa ndani dakika kumi na tano na hakujitetea. Alihamia Tucson kwa binti yake, na baada ya majira mawili ya baridi akafa. Hakuna aliyenipigia simu. Nilisoma gazetini. Mstari wa kwanza ulitaja jina lake na umri wake. Mstari wa pili ulimtaja Lavelle.

Meneja aliyefuata alikuja na mashine zake, na ukumbi wa mazoezi ukapata kampuni ya kuleta chakula. Mimi nikastaafu. Mlangoni mwa kanisa nilisimama miaka mingine kumi, nikiwaonyesha watu viti vyao, mpaka miguu ikakataa. Sasa nina miaka themanini na minne. Mpwa wangu Lucinda anataka kunitengenezea choo huku chini, pale palipokuwa na kabati la makoti. Fundi amekuja amepima. Nimewaambia wasubiri.

Boksi la mwaka huu limekuja. Liko juu ya meza, sijalifungua. Bado ananishukuru.

Naomba asubuhi, mchana na jioni, kama nilivyofundishwa. Nikifika pale pa kuomba msamaha nasema maneno yote mpaka mwisho, kisha nangoja kidogo, kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba yenye taa. Halafu nainuka, nashika mbao ya Ennis, na napanda. Mguu wa kulia, wa kushoto unafuata, inakaa pamoja. Kipandio cha tisa kinalia mara mbili. Hakuna anayeuliza.